Nilivyogeuka Mvuvi kwa Sababu ya Mama Mkwe

Sijawahi kupenda uvuvi. Nalisema hili mapema kwa sababu kanisani kwetu bado wananiita mvuvi, na kuna wazee wanaonitumia picha za fimbo za kuvulia kwenye simu wakiniuliza ipi ni nzuri, nami huwajibu kwa uzito wote, kama mtu anayejua. Mimi nimezaliwa Bungoma, kwenye mahindi na miwa, mbali na ziwa lolote. Samaki niliyemjua utotoni ni omena wa kukaanga, na huyo havuliwi mmoja mmoja kwa ndoano. Kilichonikalisha kando ya mto Mississippi karibu majira yote ya joto, na kiti cha kukunja na fimbo ya mtumba, hakikuwa samaki. Alikuwa mama mkwe wangu.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mzaa mke wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali meza moja. Yeye akija kwa njia hii, wewe unashika ile. Na yeye kulala chini ya paa lako ni jambo ambalo watu hata hawalijadili, kwa sababu litatokeaje? Zipo taratibu za kulegeza haya yote, zina wazee na mbuzi ndani yake, lakini mimi na mke wangu tulioana huku, theluji ikianguka, na hakuna aliyekumbuka habari za mbuzi.

Kijijini heshima hii haina taabu. Kuna ua, kuna migomba, kuna boma zima la kukwepana. Sisi tunakaa Columbia Heights, hapa Minnesota, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, choo na bafu mahali pamoja, na mlango wa huko bafuni haushiki vizuri. Koridoni kwetu watu wawili wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Mke wangu aliponiambia kwamba mama yake anakuja kulea mtoto, nilifurahi sana, kisha nikaitazama ile korido, furaha ikapungua.

Lakini hatukuwa na la kufanya. Mke wangu alikuwa anasomea unesi. Alikwisha simamisha masomo mara moja, tumbo lilipomzidi, na chuo kilimwambia wazi kwamba akisimama tena nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Mtoto alikuwa na miezi miwili. Mimi nafanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nikirudi asubuhi macho yamekuwa mekundu, na mtu wa hali hiyo huwezi kumwachia mtoto mchanga. Kwa hiyo yote yalimtegemea mama. Akikaa mpaka baridi ianze, mke wangu anakuwa nesi. Akiondoka kabla, ndoto hiyo imekwisha, na mimi nitaishi na mwanamke ambaye ndoto yake imekwisha.

Siku ya kumpokea, mke wangu alitangulia ndani ya uwanja wa ndege na mtoto, mimi nikabaki nyuma ya nguzo. Mama alitokea akisukuma masanduku. Aliniona, nikamwona, na kila mmoja akafanya wajibu wake: yeye aliinua mkoba ukamfunika uso, mimi nikaigeukia mashine ya soda nikaanza kuisoma kwa makini. Garini aliketi nyuma. Kwa heshima, nilikipindua kile kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea juu, tukaingia barabara kuu hivyo, malori yakinipita sijui yametoka wapi. Mke wangu alisali kwa sauti mpaka tukafika.

Nyumbani nilijipangia utaratibu wa kukohoa. Kila nilipotaka kupita koridoni nilikohoa mara mbili, ili mama ajue nakuja na ajiondoe. Nilijiona mtu mwenye akili sana. Baada ya muda mfupi mke wangu akaniletea kikombe cha tangawizi na limau, akasema mama ana wasiwasi na kifua changu na anauliza kama nimepimwa TB.

Mazungumzo yetu yalipitia kwa mtoto. Mama alisimama jikoni, amenipa mgongo, amemweka mtoto begani, akasema, "Mjukuu wangu, mwambie babako chakula kiko mezani, sisi tunaingia chumbani." Nami nikiwa sebuleni, nimeutazama ukuta, nikasema, "Mwanangu, mwambie nyanyako asante sana." Mtoto alifikisha ujumbe wote bila kukosea hata mara moja. Mke wangu, ambaye amesomea huku na amekuwa mjuaji, alisema sisi wawili tuko na wazimu mmoja.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni usingizi. Vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta mwembamba, nami nakoroma, nakoroma vibaya, hili nimeambiwa na watu wengi. Mkwe akusikie ukikoroma mchana kweupe, aibu gani hiyo? Nilikuwa nalala na mto juu ya uso, nikishtuka kila ninapoanza kuzama. Kazini nikaanza kuyumba. Asubuhi moja niliwavisha wazee wawili viatu vya kubadilishana, na lililonitisha zaidi ni kwamba wote wawili walinishukuru.

Nikaanza kulala garini. Nililiegesha kwenye bustani moja, nikashusha kiti, na sijamaliza hata ndoto ya kwanza nikasikia kioo kinagongwa. Ni askari, kijana mpole. Kuna mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna mwanamume amelala garini na hatikisiki. Nikamweleza habari za mama mkwe tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina mahali pa kulala.

Niliwasha gari kwa aibu nikaelekea mtoni, kwa sababu ndiko barabara ilikokwenda. Hapo kando ya maji, chini kidogo ya daraja, kulikuwa na mzee wa Kizungu kwenye kiti cha kukunja. Fimbo yake ya kuvulia imeegemea goti, kofia imemfunika macho, mdomo uko wazi. Anakoroma. Watu walikuwa wanapita na mbwa wao, wengine wanakimbia mazoezi, na hakuna hata mmoja aliyemtilia shaka. Mama mmoja alimpita na watoto wake akawaambia wanyamaze. Nilisimama pale nikaelewa jambo ambalo miaka yangu yote Minnesota sikuwa nimelielewa: mtu aliyelala kando ya mto ni mzururaji, lakini mtu aliyelala kando ya mto ameshika fimbo ya kuvulia ni raia mwema, asisumbuliwe.

Jumamosi hiyo hiyo nilinunua fimbo kwa jirani aliyekuwa amepanga vitu vyake vikuukuu mbele ya gereji. Nikanunua kiti. Nikakata leseni, kwa sababu mimi ni mtu wa kufuata sheria: nilikuwa na leseni halali kabisa ya kuvua, na sikuwa na nia yoyote ya kuvua. Ndoano niliikata nikaitupa. Niliacha risasi tu kwenye mshipi, ile ya kuuzamisha, kwa sababu ukiweka ndoano na chambo samaki anaweza kuja akakuamsha.

Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mtoto azaliwe. Nikitoka kazini nilipitia nyumbani, nikabadilisha nguo, nikamwambia mtoto amwambie nyanyake kwamba baba anakwenda kuvua, kisha nikashuka mtoni. Mbu waliniuma, jua lilinichoma shavu moja kuliko lingine kwa sababu naegemea upande, na bata mmoja alizoea kuja kunitazama. Niliona nimetatua tatizo. Nyumba nimemwachia mama, aingie atoke anavyotaka, avue kitambaa chake cha kichwa akitaka, aimbe. Nilijihesabu kuwa mkwe bora katika jimbo zima.

Aliyenigundua ni Mkongomani. Alikuwa mtu wa Uvira, amekaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na alifanya usafi hospitalini jioni, kwa hiyo asubuhi zake alizimalizia mtoni. Mvuvi wa kawaida tu, mara apate, mara akose. Siku kadhaa alinisalimia kwa mbali, halafu siku moja, nikiwa nimelala, upepo ukaniangushia fimbo, yeye akaja kuniokotea. Nilipofungua macho alikuwa ameushika mshipi wangu mwishoni anautazama.

"Ndugu," akasema, "hii ligne yako haina hameçon."

Nilimwambia najua haina ndoano.

"Weye unavuaka nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi. Akafuta macho, akasema, "Bon. Kwetu pia bokwe, mama wa bibi, tunaheshimu, ila hatuhamaka nyumba." Kuanzia hapo akawa ananiamsha muda wa kurudi nyumbani ukifika, kwa kunigonga bega na kuniuliza samaki wangu wako wapi. Nilimpenda mtu yule, lakini swali hilo lilikuwa na maana kuliko tulivyodhani, kwa sababu nyumbani nako kulikuwa na mtu analiuliza.

Mama, bwana, si mtoto mdogo. Amelea watoto, amezika mume, ameendesha kibanda cha nafaka sokoni. Alikuwa anaona mwanamume anatoka kila asubuhi anakwenda kuvua, anarudi alasiri ameburudika, macho maangavu, shavu limepata rangi, na mkononi hana hata dagaa. Siku moja, mbili, utasema bahati mbaya. Wiki baada ya wiki, hapo mtu mzima hujijibu mwenyewe.

Mke wangu alinipigia simu nikiwa bado kitini.

"Mama anataka tikiti yake ibadilishwe," akasema. "Anarudi nyumbani."

Niliuliza kwa nini.

"Anasema amemfukuza mwenye nyumba kwake. Anasema mwanamume akifukuzwa kwake hakosi wa kumkaribisha, na yeye hataki kuwa sababu ya ndoa yangu kuvunjika." Akashusha sauti. "Anafikiri uko na mwanamke."

"Mimi?"

"Hata mimi nimemwambia hivyo hivyo, 'Huyu?'" Kisha sauti yake ikabadilika, na hapo nikaogopa kweli, kwa sababu mke wangu halii ovyo. "Sikiliza. Akiondoka nimekwisha. Unaelewa? Nimekwisha. Sitarudi tena darasani. Rudi ulale nyumbani kama watu, ama ulete samaki aone ulikuwa unavua. Fanya moja."

Mtu mwenye busara angekunja kiti akarudi nyumbani. Mimi nilichagua samaki.

Sasa nikaanza kuvua. Mkongomani alinipa ndoano na kunionyesha kuifunga. Chambo nilikinunua kwenye kituo cha mafuta, ambako nyungunyungu huwekwa kwenye kikopo ndani ya friji, rafu moja chini ya mikate yenye nyama. Nilirusha mara ya kwanza nikaunasa mti. Nilirusha mara ya pili, nikageuka kumwambia Mkongomani atazame, kumbe ndoano iko kwenye kofia ya sweta yangu mwenyewe, nikajivuta shingo. Mara nyingine niliurusha mshipi vizuri sana, ukaenda mbali, nikaona raha, halafu nikaona na fimbo nayo inaenda. Yule mzee wa Kizungu, ambaye majira yote hayo sikuwahi kumwona ameamka, aliamka. Alisogeza kiti chake mbali nami.

Nilikuwa silali sasa, si nyumbani si mtoni. Mama alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake. Mke wangu alimwomba asubiri kidogo, atafute tikiti ya nafuu, hii na ile, na kila siku alitoka kwenda kufanya mazoezi ya kazi hospitalini akiwa hajui kama kesho atakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Nilipokuwa nimesimama pale ukingoni na kikopo changu, nilimwomba Mungu samaki kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuutumia kumwomba kitu kingine.

Akanipa. Ilikuwa asubuhi ya mawingu, nimetoka kazini moja kwa moja bila hata kupitia nyumbani. Fimbo ilipinda mara moja, nikadhani nimenasa gogo kama kawaida yangu, halafu gogo likaanza kutembea. Nilipiga kelele ambazo siwezi kuziandika. Mkongomani aliacha fimbo yake akaja mbio, akawa ananiambia kwa Kiswahili na Kifaransa nivute, nisivute, nivute, na mwishowe akaingia majini na viatu akamtoa mwenyewe. Kambare. Mweusi mgongoni, tumbo jeupe, masharubu, urefu wa mkono wangu. Nilimtazama samaki yule nikataka kulia, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo.

Hapo ndipo nikafanya kosa. Mtu mwingine angemuua samaki wake pale pale, akampasua, akamtia kwenye mfuko. Mimi nilifikiri hivi: samaki aliyekufa anaweza kuwa wa dukani. Maduka ya mtaa wa Cedar-Riverside yamejaa samaki, mama ameyaona kwa macho yake. Lakini samaki anayepumua, nani atauliza ametoka wapi? Sheria ya huku hairuhusu kuondoka na maji ya mto, kwa hiyo nilimviringisha kwenye taulo mbichi, nikamlaza kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, nikaendesha huku nikimwambia avumilie.

Alivumilia. Kambare ni mtu wa roho ngumu. Nilifika nyumbani, mke wangu amekwisha kwenda hospitalini, mama yuko chumbani anambembeleza mtoto. Nilijaza maji ya baridi kwenye lile beseni refu la kuogea, nikamtia samaki wangu, akageuka, akatulia chini. Nikavuta pazia la plastiki ili asiruke nje. Nilipanga kuketi sebuleni mpaka mama atoke, nimwambie mtoto amwambie nyanyake aende akaone. Nikaketi. Nilikuwa nimekesha usiku kucha, na siku kadhaa kabla ya hapo. Nikafumba macho kidogo tu.

Nilichosikia baadaye ni ukelele. Kisha maji. Kisha kitu kizito kinapigapiga ndani ya beseni, kisha mtoto akaanza kulia chumbani.

Nilifika mlangoni kwa hatua moja, nikasimama. Mama alikuwa ameingia kuoga. Akiwa hajafungua bomba wala kutazama chini, alikuwa ameinua mguu akauingiza nyuma ya pazia. Mlango ule usioshika ulikuwa umejiachia nusu, na mimi nilikuwa nje yake, nimefumba macho, nimeshika pande zote mbili za fremu. Bafuni siwezi kuingia, kuna mkwe. Chumbani kwa mtoto siwezi kuingia, ni chumba cha mkwe. Nikakohoa mara mbili.

"Mama," nikasema. Mtoto alikuwa analia, sikuwa na wa kumtuma. "Mama, ni samaki. Ni wangu. Nimemvua mimi."

Kisha nikasikia sauti yake, ndogo, ya mtu anayezuia maumivu.

"Amenichoma mguu."

Nikafumbua macho.

Kambare ana miiba kwenye mapezi, mikali, na ina sumu ya kiasi chake, haiui ila inauma sana. Mama alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha choo, amejifunga leso mpaka mabegani, kichwa kiko wazi. Sikuwa nimewahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote, amezisuka mistari midogo. Mguu wa kulia aliushika kwa mikono miwili, na damu ilikuwa inadondoka kwenye sakafu.

Kazi yangu usiku kucha ni miguu. Naosha miguu ya wazee, nakata kucha, natazama katikati ya vidole kama kuna kidonda, nabadilisha bendeji. Miguu ya mama za watu. Mikono yangu ilijua la kufanya kabla mimi sijajua. Nilimleta mtoto kwanza, nikamweka karibu kwenye kikapu chake, nikachota maji ya moto ya kuvumilika kwenye karai, nikatoa sanduku langu la kazi, nikavaa glavu. Glavu zilinipa moyo. Nilijiambia kwamba kwa glavu mtu hajagusa.

Nikapiga magoti, nikageuza uso upande wa taulo, nikanyoosha mikono kupapasa.

"Utaona vipi huko ulikotazama?" mama akaniuliza. Alikuwa anazungumza na mimi. Mtoto alikuwa amenyamaza, anatazama taa.

Nikageuka. Niliutazama mguu peke yake. Nikauingiza kwenye maji ya moto, akavuta pumzi, kisha akaanza kutulia.

"Na hizo vua," akasema. "Mimi si mgonjwa wa hospitali."

Nikazivua. Mguu wake ulikuwa mgumu kisiginoni, mguu wa mtu aliyetembea sokoni na kurudi maisha yake yote.

"Kazini ndiyo haya unafanya?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa wamama wa watu."

"Ndiyo."

Samaki akajigeuza ndani ya beseni, sote tukashtuka.

"Ulikuwa unavua kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ushahidi ulikuwa pale unapiga mkia. Lakini huwezi kumdanganya mtu ukiwa umeshika mguu wake. "Nilikuwa nalala, Mama," nikasema. "Kando ya mto. Kwenye kiti. Nakoroma, sikutaka unisikie."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Niliinua macho bila kukusudia, nikaona amekunja uso, machozi yamejaa, na sidhani yalikuwa ya mguu.

"Nimekaa kwenye nyumba hii," akasema, "nikisikia mlango unafungwa kila asubuhi. Msichana wangu ametoka, wewe umetoka. Nakaa na huyu mtoto asiyejua kusema. Mchana mrefu. Nikitazama dirishani hakuna hata mtu anayepita. Nikajiambia, huyu kijana amenichukia, hata uso wangu hataki." Akajifuta kwa pembe ya leso. "Mimi sikupanda ndege kuja kuheshimiwa. Kuheshimiwa nimewacha nyumbani, kumejaa. Nilikuja kuwa na watu."

Nilikuwa nimejivunia heshima yangu majira yote, nimechomwa na jua kwa ajili yake, nimeumwa na mbu, na kumbe nilikuwa namfungia mwanamke huyu peke yake ndani ya nyumba kila siku ya Mungu. Nikamfuta mguu, nikaweka dawa, nikazungusha bendeji, nikaifunga vizuri kuliko ninavyozifunga kazini.

"Nisamehe, Mama."

"Nenda kalale."

Nikasimama. Kwa mazoea mkono wangu ukaenda kwenye funguo za gari.

"Kitandani," akasema.

Nililala kwenye kitanda changu, mlango umefungwa, mchana kweupe, na mkwe wangu yuko ng'ambo ya ukuta. Nilikoroma. Mke wangu aliporudi jioni alinisikia kutoka kwenye ngazi za jengo. Alimkuta mama yake jikoni, ameketi kwenye stuli, mguu mmoja umenyooshwa na bendeji yake nyeupe, anakaanga vipande vya kambare na kumsimulia mtoto habari ndefu. Mke wangu alitazama bendeji, akatazama samaki, akamwuliza mama yake kwa woga kama bado anataka tikiti ibadilishwe.

"Na mguu huu?" mama akasema. "Nitapanda ndege vipi?"

Kidonda chenyewe kilikuwa tundu la sindano. Siku ya tatu kilikuwa kimekauka, na baada ya wiki ungehitaji miwani kukitafuta. Lakini Bungoma walipopiga simu kuuliza anarudi lini, aliwaambia mguu haujapona. Mchungaji alipouliza, mguu. Mke wangu amebakiza muhula mmoja, anasoma mezani jioni na hathubutu kusema neno juu ya mguu ule. Nami kila asubuhi nikitoka kazini namkuta mama sebuleni ameshanyoosha mguu juu ya stuli. Napiga magoti, nafungua bendeji ya jana, naosha ngozi iliyopona zamani, naufunga tena taratibu, naye ananiambia mvua imenyesha wapi na nani ameoza binti. Kisha naenda kulala.